Kiti cha Kete Nyeusi

Driciru alivua viatu vyake vya mikanda mlangoni kwa Mzee Sulemani, akaviegemeza ukutani, akabaki amesimama peku kwenye sakafu ya baridi akitamani jambo moja tu: mtu amwonyeshe pembe yoyote ya nyumba ile na kumwambia, lala hapa. Wiki nzima alikuwa Vurra, mpakani, akikimbizana na madereva wa malori na makarani wa forodha kwa ajili ya kampuni ya kutoa mizigo iliyomwajiri. Jumamosi ambayo wenzake walikuwa wamejifunika shuka mpaka kichwani, yeye aliamka alfajiri, akaoga maji baridi, akavaa gauni la kitenge lililofika chini ya magoti vizuri, akatoka Arua kuja Koboko. Mapenzi hayana huruma na mtu aliyechoka, jamani. Yakikutuma, unakwenda.

"Karibu, mgeni," alisema Kiden, dada mkubwa wa Hakim, akiwa amebeba sufuria. Alimtazama Driciru usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena. "Umechoka wewe."

"Kidogo tu, dada."

"Hiyo si kidogo. Macho iko nyekundu." Akaenda zake jikoni akitikisa kichwa.

Hakim, yule mpenzi aliyemtoa Arua, alikuwa nyuma ya Driciru. Arua, Hakim alikuwa mwanamume mwenye sauti. Alifundisha hesabu na kusimamia klabu ya sataranji ya shule, na wanafunzi walimsikia kutoka uwanja wa pili. Lakini tangu waliposhuka garini Koboko, sauti ile ilikuwa ikipungua, na walipofika kwenye ua wa baba yake ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Baba iko ndani. Anakungoja."

"Na wewe utakaa na mimi?"

"Mimi naleta chai," alisema Hakim, akaangalia pembeni.

Driciru aliona jinsi alivyoangalia pembeni. Aliona, akapuuza. Uchovu humfanya mtu apuuze mengi.

Sebuleni palikuwa na meza fupi, ubao wa sataranji juu yake, na viti viwili vya mbao vilivyotazamana. Koboko nzima ilivijua viti vile. Mzee Sulemani alijifunza mchezo kambini, enzi za ujana wake jeshini, na tangu astaafu hakuna mtu aliyemletea shauri bila kucheza kwanza. Anayetaka kusuluhishiwa mpaka wa shamba alicheza. Anayetaka kuombewa radhi kwa jirani alicheza. Mzee alichukua kete nyeupe siku zote, kwa kuwa nyumba ni yake, na mgeni akakaa kwenye kiti cha kete nyeusi. Wengi walishindwa kabla chai haijapoa, na shauri lao likapoa pamoja nayo.

"Salaam aleikum, Mzee," alisema Driciru, akapiga magoti kidogo.

"Aleikum salaam. Keti, binti. Wewe ndiyo Driciru ya Ombaci?"

"Ndiyo mimi, Mzee."

"Unajua hii mchezo?"

"Najua kidogo."

"Hao wote nasema kidogo," alisema Mzee Sulemani, na masharubu yake meupe yakacheka peke yake. Akamshika askari aliyekuwa mbele ya mfalme, akampeleka hatua mbili mbele na kumpigiza ubaoni. *Ta!* Kete za Mzee zilitua hivyo zote, kama mtu anayepiga muhuri.

Driciru alishusha pumzi. Mkono wake ulikwenda kwa askari mmoja mdogo, upande wa malkia, aliyesimama mbele ya askofu. Akamsogeza hatua moja. Moja tu.

Mzee aliinua nyusi.

Hatua ile moja ilikuwa na historia yake. Ilianzia Arua Hill, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba kuukuu ya enzi za wakoloni ambako Hakim alikuwa amepanga chumba. Jioni Driciru alikuwa akitoka Vurra na kupanda kilima na miguu iliyovimba, na Hakim alikuwa akimngoja na beseni la maji ya uvuguvugu. Miguu ndani ya beseni, ubao juu ya kigoda, na somo linaanza. Huo ndio ulikuwa uchumba wao.

"Baba anapiga," Hakim alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Anakuja na nguvu yote. Wewe hapana shindana na yeye kwa kupiga. Wewe jenga nyumba."

"Najenga na nini?"

"Na hii." Akamwonyesha yule askari mdogo. "Hatua moja."

"Hatua moja? Kwani anaogopa?"

"Hapana ogopa. Iko nangoja mwenzake. Sasa huyu wa malkia anatoka hatua mbili, anasimama katikati. Baba akikula yeye, huyu mdogo anarudisha. Umeona? Mmoja anasimama, mwingine anashika yeye mkono."

Driciru alipenda ile habari ya kushikana mkono. Ilikuwa njia ya kujihami isiyo na mbwembwe, mwalimu wake akasema, na imewachosha washambuliaji wengi duniani. Lakini ilikuwa na sharti moja, na sharti hilo Hakim alilirudia mpaka likawa wimbo.

"Askofu nje kwanza, ndiyo ufunge mlango. Watu wengi nafunga mlango, askofu iko ndani. Mchezo yote anabaki huko nyuma, naangalia ukuta. Unasikia, Dri?"

"Nasikia, mwalimu."

Jioni moja alisinzia katikati ya somo, kichwa juu ya ubao. Alipoamka giza lilikuwa limeingia, maji ya beseni yamepoa, na shavu lake lina alama ya taji la malkia. Hakim alikuwa bado ameketi palepale, mkono wake umeshika kete mbili ambazo kichwa cha Driciru kingeziangusha.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka," alisema Hakim.

Maneno mawili tu, lakini Driciru aliyabeba mpaka Vurra na kurudi kwa majuma mengi. Kwa ajili ya maneno yale alimsamehe mengi. Alimsamehe hata lile sharti la baba yake, ambalo masomo yalianza kwa ajili yake. "Baba amesema hapana tuma wazee kwa mama yako," Hakim alimwambia, "mpaka wewe ukae kwa ile kiti, ucheze na yeye mpaka mwisho."

Mama yake, Victoria, alipoyasikia hayo nyumbani kwao Ombaci, aliacha kusonga ugali wa enyasa, mwiko ukabaki sufuriani. Mama na binti huongea Kilugbara wanapokuwa wawili, na kwa Kilugbara mama huyu hakuwa na breki.

"Yaani wewe ndiye unakwenda kwao? Msichana? Kwetu mwanamume ndiye hutuma watu. Wanakuja, wanakaa nje, tunawanyima hata maji mpaka waseme walichokuja kusema. Tangu lini kuku akajipeleka mwenyewe sokoni?"

"Mama, baba yake ana desturi yake."

"Na mimi sina? Dini yao nimeinyamazia, nikasema Mungu ni mmoja. Koboko kwenyewe nimekunyamazia. Lakini mwanamume ambaye sijawahi kuona kivuli chake mlangoni pangu, huyo siwezi kumnyamazia." Akauchomoa mwiko. "Watu wa Enoch, yule anayekutaka, wametuma neno. Jumapili baada ya misa wanakuja. Ukirudi Jumamosi na neno la watu wa Koboko, nitawazuia. Ukirudi mikono mitupu, nitawapokea, na nikishawapokea nimewapokea."

Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya meza ile fupi, kete zikiwa kete tu.

*Ta!* Mzee alisukuma askari wake wa mbele kabisa, akampita pembeni askari wa Driciru aliyekwisha kutoka hatua mbili kusimama katikati.

Driciru alimshika askofu. Mlango bado ulikuwa wazi. Akamtoa, akamsimamisha uwanjani.

"Askofu anatoka, Mzee."

"Nani?"

"Askofu."

"Nyumbani kwangu hakuna askofu," alisema Mzee Sulemani kwa ukali wa uongo. "Hii ni ndovu. Hata jeshini tuliita yeye ndovu."

"Basi ndovu yangu imetoka, Mzee."

Mzee alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajaruhusu, na kule jikoni Kiden akakohoa kwa mshangao. Ndipo Driciru alipoufunga mlango, askari nyuma ya askari, taratibu. Mzee alileta farasi. Akamtuma askari wa pembeni kumkemea ndovu, na ndovu akarudi hatua moja akatulia. Akamtuma askari mwingine kumfukuza kabisa, na Driciru, macho yakimwasha kwa usingizi, akasogeza kete moja ndogo pembeni ili ndovu apate pa kukimbilia. Alihesabu kwa vidole chini ya meza. Alijilazimisha kutoharakisha. Hakuwa na nguvu za kushambulia, na bahati nzuri mchezo huu haukumdai nguvu. Ulimdai uvumilivu, na huo alikuwa nao mwingi, kuliko inavyofaa mtu kuwa nao.

Chai ililetwa. Hakim aliiweka mezani bila kukaa, akarudi kusimama mlangoni na sinia tupu kifuani. Chai ilipoa. Mgeni alikuwa bado mzima.

Mzee Sulemani aliegemea kiti.

"Hii namna ya kujenga, mimi hapana ona hapa Koboko. Nani amekufundisha?"

"Hakim, Mzee. Kule Arua."

"Hakim?" Mzee aligeuza kichwa mlangoni polepole. "Hakim najua hii?"

"Anajua sana. Anafundisha wanafunzi. Mimi amenifundisha jioni nyingi, ili nikuje kucheza na wewe."

"Ucheze na mimi, kwa nini?"

Driciru alidhani Mzee anamjaribu. "Kwa sababu ya sharti yako, Mzee. Kwamba nikae kwa hii kiti mpaka mwisho, ndiyo utume wazee kwa mama yangu."

Mzee aliisukuma chai yake pembeni.

"Binti yangu," alisema Mzee Sulemani, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi hapana weka wewe sharti. Mutoto ya mutu nitaweka sharti namna gani? Mimi niliambia yeye." Alinyoosha kidole mlangoni bila kutazama. "Nilisema, Hakim, kaa hapa mbele yangu, cheza mpaka mwisho, usikimbie. Ukimaliza, natuma wazee Ombaci siku ileile. Mimi iko nangoja yeye kwa ile kiti tangu yeye mutoto. Sasa yeye ametuma wewe?"

Driciru alimtazama Hakim. Hakim alilitazama sinia.

Kuna hasira inayopiga kelele, na kuna hasira ambayo haina nguvu hata ya kusimama wima. Driciru aliinuka kwa kushika meza.

"Samahani, Mzee. Mchezo nimeacha hapo. Zamu ni ya nyeusi."

"Wewe hapana kosa, binti. Kunywa chai."

"Asante, Mzee. Nimeshiba."

Akapita karibu na Hakim bila kumgusa, akatoka barazani, akaketi kwenye ngazi na kuvuta viatu vyake. Hakim alimfuata. Sinia lilikuwa bado mkononi.

"Dri."

"Weka hiyo sinia chini. Unaonekana kama mutu anauza karanga."

Akaliweka.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Baada ya harusi?"

Hakim alikaa ngazi ya chini yake. Alikuwa mrefu, lakini pale alionekana amekunjwa. "Nilikuwa mudogo," alisema. "Baba alikuwa na wageni, wanajeshi wenzake. Akaniita nicheze na yeye mbele yao. Akanishinda haraka, nikalia, nikakimbia. Akasema mbele ya watu wote, askari anaacha lindo, hana kazi. Wakacheka. Tangu siku ile mimi hapana kaa kwa ile kiti. Nikaenda shule, nikajifunza chesi usiku na mchana, Dri, vitabu yote. Nikashinda watu wote. Lakini nikiingia hii nyumba, mikono inakufa."

"Ungeniambia hivyo."

"Nilikuwa naona haya."

"Na mimi je? Mama yangu ameniita kuku anajipeleka sokoni. Nikanyamaza. Nilisema, Hakim ananipenda, ni baba yake tu iko na desturi ngumu. Kumbe baba yako hana neno. Baba yako anacheka na mimi!" Sauti yake ilivunjika, akaikusanya. "Kila kitu mimi natangulia. Kwa baba yako nilitangulia kusalimia. Kwa mama yangu nilitangulia kusema. Leo umenisukuma mbele kama ile askari yako mudogo. Ulisema mmoja akisimama, mwingine anashika yeye mkono. Mkono yako iko wapi, Hakim? Iko kwa sinia."

Hakim alilisogeza sinia nyuma ya mguu wake.

"Mimi nimechoka," alisema Driciru. "Si kazi ya Vurra. Kazi ya Vurra nalala, inaisha. Nimechoka na wewe kubaki nyuma. Askofu nje kwanza, si ndiyo ulinifundisha? Umefunga mlango na wewe mwenyewe iko ndani." Aliinama akaingiza mguu wa kulia kiatuni, akaanza kufunga mkanda. "Kesho baada ya misa watu ya Enoch wanakuja. Mimi Enoch hapana penda. Lakini yeye ametuma watu wake. Nitamwambia mama nini? Kwamba hao ya Koboko wamenipa chai?"

Alimpenda. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Hata pale, na moyo umechanika, alitaka kumpangusa jasho lililomtoka kwenye paji la uso kwa ncha ya kitenge chake. Hakumpangusa. Alihangaika na mkanda wa kiatu, tundu halionekani kwa machozi, mpaka ukaingia.

Hakim alisimama. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba Driciru alidhani atasema neno la kwaheri, akaukaza moyo wake kulipokea. Kisha akasikia hatua zake. Hazikuelekea barabarani.

Driciru alikishika kiatu cha kushoto mkononi bila kukivaa.

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu.

"Baba," ilisema sauti ya Hakim. Ilikuwa inatetemeka, lakini haikuwa mnong'ono. "Zamu ni ya nyeusi."

"Najua ni ya nani," alijibu Mzee Sulemani. "Nimeitunza."

Kete moja ikashuka ubaoni, taratibu, kwa ule mkono wa upole ambao Driciru angeutambua hata gizani. *Ta!* akajibu Mzee. Driciru alihesabu pumzi zake mwenyewe. Sasa atainuka, aliwaza. Sasa atatoka. Kete ikashuka tena, taratibu.

"Baba, mimi nataka kuoa Driciru. Nilipaswa kukuambia hivi mimi mwenyewe."

"Mikono yako inatetemeka."

"Ndiyo, Baba."

"Hata yangu ilitetemeka ile siku, baada ya wewe kukimbia. Mimi hapana ambia mutu." *Ta!* "Cheza. Hapana inuka mpaka mwisho, ushinde, ushindwe, ni moja tu. Ukifika mwisho, kesho mimi mwenyewe nitakuwa Ombaci kabla mama yake hajatoka kwenda misa. Na wewe utakuwa mbele yangu. Mbele, umesikia? Utaanza wewe kubisha hodi."

"Nimesikia, Baba."

"Mlangoni kwao wananyima watu maji, nasikia."

"Tutakunywa hapa kwanza," alisema Hakim.

Barazani, Driciru alicheka na kulia kwa pamoja, mambo mawili ambayo mtu aliyechoka hapaswi kuyafanya kwa mpigo. Hakujua kama amemsamehe. Hilo lingekuja kwa siku zake, na Hakim angelifanyia kazi. Alichojua ni kwamba hangeondoka. Akauachia ule mkanda wa kulia, akavua kiatu, akaviegemeza vyote viwili ukutani palepale alipoviweka asubuhi.

Kiden alitoka jikoni na mkeka kwapani na mto mkononi. Alisimama kidogo akisikiliza sauti za kete, uso wake umelainika.

"Mchezo ya hawa wawili iko refu," alisema, akautandika mkeka kwenye kivuli cha baraza na kuupiga mto mara mbili. "Watamaliza jua ikizama. Kuja, wifi. Lala hapa."